Miraji Haihitaji Shahidi wa Kwantamu



Tangu Oktoba 2022, Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilipotolewa kwa Alain Aspect wa Ufaransa, John Clauser wa Marekani na Anton Zeilinger wa Austria, kuna hoja moja inayozunguka katika simu zetu na katika darasa za baada ya Isha. Husemwa hivi: wanasayansi wamethibitisha kwamba chembe mbili zilizo mbalimbali huwasiliana papo hapo, kwa kasi inayopita ile ya mwanga, basi anayekanusha Miraji ya Mtume wetu (S.A.W.) hana tena pa kusimama. Wengine huongeza kiti cha enzi cha Bilqis, wengine dua, wengine jicho la husuda. Aghalabu hoja hupokewa kwa takbira.

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya dini, si wa fizikia. Lakini nimekaa na wenzangu wanaosoma fizikia, nimewasumbua kwa maswali, nimesoma walichonielekeza, na ninaona hoja hii ina ufa pande zote mbili. Inalisemea jaribio lisichosema, na inaushusha muujiza huku ikidhani inaupandisha. Swali langu ni la kimaadili kuliko la kifizikia: je, inafaa kuilinda haki kwa ushahidi ambao si wa kweli, hata kama anayesikiliza anazidi imani? Ila hatuwezi kulijibu kabla ya kujua jaribio lenyewe linasema nini, kwa hiyo naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo.

Mchukue mwanafunzi mmoja aliyeko Gitega na dada yake aliyeko Muyinga. Asubuhi moja wote wawili wameamka wamefunga. Hawakupigiana simu usiku ule. Je, kuna siri iliyosafiri kati yao? Hapana. Jioni iliyotangulia wote walisikia tangazo moja la mwandamo wa mwezi, kila mmoja akaenda nalo kwake. Kulingana kwao kumetokana na chanzo kimoja kilichopita. Mwaka 1935 Albert Einstein, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, walidai kwamba chembe zinazozaliwa pamoja kisha zikatenganishwa lazima ziwe za namna hiyo. Zikilingana huko mbali, ni kwa sababu zilibeba maagizo tangu mwanzo, na nadharia ya kwantamu haijui kuyaeleza maagizo hayo. Ilikuwa hoja nzuri, na kwa karibu miaka 30 wengi waliichukulia kuwa suala la mapendeleo tu, kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kuipima.

Mwaka 1964 John Bell, mwanafizikia kutoka Ireland ya Kaskazini, alionyesha kwamba inapimika. Nitatumia mfano uliorahisishwa, lakini hesabu yake ni ya kweli.

Kijana wa Gitega na dada yake wa Muyinga kila mmoja anaulizwa swali moja kati ya matatu, wala hajui mwenzake ataulizwa lipi. Jibu ni ndiyo au hapana. Tunakuta kwamba kila wanapoulizwa swali lilelile, majibu yao hulingana, bila kukosa hata mara moja. Utasema: hawa walipatana kabla, kila mmoja ana karatasi ya majibu matatu mfukoni, na karatasi zinafanana. Sawa. Sasa tazama wanapoulizwa maswali tofauti. Karatasi ina majibu matatu, na majibu ni ya aina mbili tu, kwa hiyo lazima angalau mawili yafanane. Maana yake, katika jozi tatu za maswali tofauti (la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la kwanza na la tatu), angalau jozi moja italingana. Basi hata wakipanga vipi, wakiulizwa maswali tofauti kwa kubahatisha, majibu yao yatalingana si chini ya theluthi moja ya mara zote. Lakini hesabu ya kwantamu inasema chembe za mwanga zilizofungamana zitalingana robo tu. Robo ni ndogo kuliko theluthi. Hakuna karatasi ya mfukoni inayoweza kuleta robo.

Hapo ndipo majaribio yalipoanza. Clauser na Stuart Freedman walipima mwaka 1972, Aspect na wenzake mwaka 1982, kisha mwaka 2015 kundi la Delft, Uholanzi, likapima elektroni zilizotenganishwa kwa kilomita 1.3 na kuziba mianya ambayo watu walikuwa wakiilalamikia. Mwaka 2017 Wachina walitumia setilaiti iitwayo Micius kupeleka fotoni zilizofungamana kwenye vituo viwili vilivyoachana kwa kilomita kama 1,200, ambazo ni zaidi kidogo ya Gitega hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka. Hesabu zilizotumika zilitofautiana kidogo na huu mfano wangu, lakini matokeo yalikwenda upande mmoja: karatasi ya mfukoni imeshindwa.

Na hapo ndipo mhubiri wetu anaposhika kipaza sauti. Kama hawakupatana kabla, anasema, basi wanaambiana papo hapo.

Tusubiri kwanza. Fungua daftari la dada wa Muyinga peke yake. Ndani yake kuna ndiyo na hapana zilizochanganyika, nusu kwa nusu, bila mpangilio wowote. Kaka yake wa Gitega akiulizwa swali la kwanza, daftari la dada ni nusu kwa nusu. Akiulizwa la tatu, ni vilevile. Akilala asiulizwe kitu siku nzima, ni vilevile. Dada hawezi kusoma chochote kuhusu Gitega ndani ya daftari lake. Ule mlingano wa ajabu huonekana pale tu daftari mbili zinapowekwa meza moja, na ili ziwekwe meza moja lazima mojawapo isafiri: kwa gari la abiria kupitia Karuzi, au kwa simu, ambayo mawimbi yake hayawezi kupita kasi ya mwanga. Kutoka Gitega hadi Muyinga ni kama kilomita 80 kwa mstari ulionyooka, na mwanga, unaokwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, unahitaji kama robo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kufika. Kabla ya muda huo kupita, Muyinga hakuna habari ya Gitega. Usidhani ni udhaifu wa vyombo vya leo, vitakavyoboreshwa kesho. Nadharia ya kwantamu yenyewe, ileile inayotabiri robo, ndiyo inayothibitisha kwa hesabu kwamba ujumbe hauwezi kupita kwa njia hii.

Sisi watu wa fiqhi tunapaswa kulielewa jambo hili kwa wepesi. Katika Sahih Muslim kuna kisa cha Kurayb, aliyetumwa Sham kwa Muawiya, akauona mwezi huko usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa Ramadhani alimkuta Ibn Abbas, na watu wa Madina walikuwa wameuona usiku wa Jumamosi. Ibn Abbas hakuufuata mwandamo wa Sham. Wanazuoni wamegawanyika juu ya hukumu yake, na kila mwaka Afrika Mashariki yetu hugawanyika nao, wengine wakifunga na Makka na wengine wakingoja mwezi wa kwao. Lakini hakuna aliyegawanyika juu ya jambo moja ndani ya kisa kile: habari ya Sham ilifika Madina siku Kurayb alipofika. Mwezi ulikuwa umeonekana, ndiyo, ila kuonekana kwake Sham hakukuwa habari ya Madina mpaka mtu aibebe.

Kuna vitu vingine vinavyoonekana kuushinda mwanga bila kubeba habari. Ukiwa na tochi kali ya leza ukaipitisha haraka usoni mwa mwezi, kile kidoti kinaweza kuvuka kilomita 3,475 za upana wa mwezi kwa kasi kuliko mwanga, lakini hakuna kitu kilichotoka ukingo mmoja kwenda wa pili. Kila sehemu imepigwa na mwanga wake uliotoka kwako. Na anayevuka mpaka wa Kobero kuingia Tanzania hukuta simu yake imeruka saa nzima mbele kwa hatua chache, wala hajasafiri katika wakati. (Wafanyabiashara wa Muyinga wanalijua hili kuliko mwanafizikia yeyote.)

Ni nini basi hasa kinachotokea kati ya chembe zile? Wanafizikia wenyewe hawajakubaliana. Wako wanaosema kuna athari iliyofichika inayoruka umbali, wako wanaosema ulimwengu ni mwingi, wako wanaosema swali lenyewe limeulizwa vibaya. Mtu asikwambie limekwisha.

Sasa turudi msikitini. Niseme wazi: naamini Israa na Miraji kama zilivyothibiti. Ninachouliza ni kama hoja ya kasi ya mwanga inazihudumia.

Kwanza, mara nyingi hata haihitajiki. Kutoka Makka hadi Baytul Maqdis ni kama kilomita 1,200, na ndege ya abiria ya leo inazimaliza kwa muda wa saa mbili hivi. Kutoka Saba, Yemen, hadi kwa Nabii Sulayman (A.S.) ni kama kilomita 2,000. Kufumba na kufumbua kukichukua sehemu moja ya kumi ya sekunde, mwanga huwa umekwenda kilomita 30,000, mara kumi na tano ya safari ile. Anayesema kile kiti lazima kilipita kasi ya mwanga hajachukua kalamu. Na anayesema kilihamishwa kwa "usafirishaji wa kwantamu" uliofanyika maabara mwaka 1997 hajasoma walichofanya. Katika jaribio lile kilichohama ni hali ya chembe, si chembe yenyewe. Chembe ya kuipokea hali hiyo lazima iwe tayari upande wa pili. Na kazi haikamiliki mpaka ujumbe wa kawaida ufike, kwa kasi ya kawaida. Kwa mfano huo, Nabii Sulayman angehitaji kuwa na kiti kingine tayari, kisha angoje simu.

Pili, lugha yetu imetupa msaada tusioutumia. Tuna mwanga, na tuna nuru. Malaika wameumbwa kwa nuru, hadithi iko katika Muslim, lakini mtu akikimbilia kusema kwamba kwa hiyo Jibril (A.S.) anakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, amemfanya malaika kuwa balbu. Mbingu saba hatukupewa umbali wake kwa kilomita. Tukishikilia kwamba ziko nyuma ya nyota, na kundi la nyota la Andromeda peke yake liko miaka ya mwanga kama milioni 2.5 kutoka hapa, tumejitengenezea tatizo ambalo maandiko hayakulitaja, kisha tunakwenda kuomba suluhisho kwa Zeilinger.

Ipo na ile hesabu ya Sura as-Sajda, aya ya 5, ya siku iliyo sawa na miaka elfu. Wanaotafuta humo kasi ya mwanga huchukua mizunguko 12,000 ya mwezi na kuigawanya kwa urefu wa siku moja. Nimeifanya mwenyewe kwa kikokotoo. Inatoa kama kilomita 336,000 kwa sekunde, nyingi mno, ndipo huletwa kipimo cha pembe cha kuipunguza mpaka ifike inapotakiwa. Na Sura al-Maarij, aya ya 4, inataja siku ya miaka elfu hamsini. Kwa njia hiyohiyo tungepata kasi mara hamsini ya ile ya kwanza. Hapo huwa kimya.

Tatu, na hili ndilo zito kwangu: muujiza kwa maulamaa wetu wa itikadi ni kuvunjwa kwa mazoea ambayo Mwenyezi Mungu (S.W.) ameyaendesha duniani. Maquraishi walielewa. Walijua msafara kwenda Sham huchukua mwezi na kurudi mwezi, ndiyo maana walicheka. Abu Bakr (R.A.) naye alijua hesabu hiyohiyo, maana alikuwa mfanyabiashara. Hakutafuta ngamia mwenye kasi zaidi. Alisema kwa maana kwamba kama yeye ndiye aliyesema, basi ni kweli, na kwa hilo akaitwa as-Siddiq. Ukiupata muujiza ndani ya kanuni za maumbile, umeshautoa kwenye orodha ya miujiza.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimeshapewa na watu ninaowaheshimu. Kijana wa leo, wanasema, ameelemewa na intaneti, anasikia kila siku kwamba dini ni ngano; akisikia sayansi inakubaliana nasi, moyo unatulia. Kuna ubaya gani? Na Qur'ani yenyewe, katika Sura Fussilat, aya ya 53, inaahidi kuonyeshwa ishara katika upeo wa mbali na katika nafsi zetu. Hoja hii siidharau. Siidharau hata kidogo, kwa kuwa nimewaona wanaotulia.

Lakini tazama siku ile Madina. Mtoto wa Mtume (S.A.W.), Ibrahim, amefariki akiwa mdogo, na jua likapatwa. Wataalamu wa falaki wanalihesabu tukio hilo kuwa la Januari 632. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Fikiri hali ilivyokuwa: baba mwenye msiba, umma unaompenda, mbingu imeingia giza mchana, na hoja imekuja bure bila yeye kuitafuta. Angenyamaza tu, wangapi wangezidi imani? Hakunyamaza. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, akawaelekeza kwenye swala. Aliukataa ushahidi uliokuwa upande wake kwa kuwa haukuwa wa kweli. Sioni dalili iliyo kubwa zaidi ya hiyo katika mlango huu.

Imam al-Ghazali aliielewa vizuri. Katika utangulizi wa Tahafut al-Falasifa, kitabu alichowaandikia wanafalsafa kuwapinga, anasimama kwanza kuwatetea katika hesabu za kupatwa kwa mwezi. Anaonya kwamba anayeipinga hesabu ya wazi kwa jina la dini anaiumiza dini kuliko adui, maana aliyeijua hesabu hiyo hataitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini. Alikuwa akisema na wanaokataa sayansi ya kweli. Sisi tunapachika sayansi isiyokuwepo, lakini dhara ni moja. Kijana aliyeambiwa darasani kwamba imani yake imesimama juu ya fotoni za Aspect atafika mwaka wa tatu wa fizikia, atasoma kwamba hakuna ujumbe uliopita, na hatakuwa na mtu wa kumwambia kwamba nguzo ile haikuwa ya Uislamu tangu mwanzo.

Na dhara halikai kichwani tu. Katika miji yetu kuna watu wanaozunguka na kifaa kidogo cha kushika mkononi, wanakiita mashine ya kwantamu, ambayo eti inasoma figo, ini na moyo wako kwa dakika moja, kisha unauziwa dawa za unga kwa bei ya mbuzi. Wazee wetu wanalipa. Neno lililotukuzwa kwenye mimbari linakuwa rahisi kuuziwa watu mlangoni.

Linganisha na walivyofanya wengine. Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walipima neutrino zilizotoka CERN, karibu na Geneva, kwenda Gran Sasso, Italia, kilomita kama 730, wakakuta zimefika nanosekunde kama 60 kabla ya wakati wa mwanga. Habari kubwa kuliko zote katika fizikia ya miaka mia, kama ingekuwa kweli. Walitangaza kwa maneno ya tahadhari na wakawaomba wengine wawatafutie kosa. Miezi michache baadaye kosa likapatikana ndani ya vyombo vyao wenyewe, kubwa likiwa waya wa mwanga usiokazwa sawasawa, na mwaka 2012 walitangaza kwamba neutrino hazikuushinda mwanga. Msemaji wa jaribio alijiuzulu Machi mwaka huo. Amri ya Sura al-Hujurat, aya ya 6, ya kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, tunaisoma sisi. Siku ile waliitenda wao.

Je, kwantamu haina basi la kumwambia mwanafunzi wa dini? Inalo, na ni gumu kuliko takbira. Hesabu ya Bell ina sharti lililofichika: kwamba uchaguzi wa swali, Gitega na Muyinga, haukupangwa pamoja na majibu. Mwaka 2018 watafiti, Zeilinger akiwa mmoja wao, waliacha maswali yachaguliwe na mwanga wa kwasari uliotoka kwake miaka zaidi ya bilioni saba iliyopita, na kwantamu ikashinda tena. Wapo wachache, Gerard 't Hooft wa Uholanzi akiwa maarufu kati yao, wanaosema huenda kila kitu, pamoja na mkono wa mpimaji, kilikwisha pangwa tangu mwanzo wa ulimwengu, na kwa hiyo karatasi ya mfukoni bado haijafa.

Najua wako watakaoruka hapo hapo: hiyo ni kadari! Mimi nasitasita. Kuamini kwamba Mwenyezi Mungu amekadiria yote ni kitu kimoja. Kuamini kwamba ameyapanga maumbile yamdanganye kila anayeyapima ni kitu kingine, na sidhani Maash'ari, pamoja na mafundisho yao ya kasb, walikubali hicho cha pili. Tena kwao moto hauunguzi pamba kwa nguvu yake. Mungu huumba kuungua pale moto unapogusa. Kwa itikadi hiyo mlingano wa Gitega na Muyinga si ajabu kuliko pamba na moto, vyote ni mazoea Aliyoyaendesha. Inapendeza, lakini itikadi inayokubali matokeo yoyote haiwezi kusema kwamba matokeo haya yameithibitisha. Katika halaka yetu ya Gitega tuliligusa swali hili mara moja, ndugu mmoja wa uhandisi akawa ndiyo kwanza anaanza kuuliza tofauti ya kasb na karatasi ya mfukoni, adhana ikatukatiza. Wenzetu wa Muyinga wakiwa na jibu, kurasa za toleo lijalo ziko wazi.